Siku Samaki wa Madam Aliposali kwa Sauti Yangu

Kama umewahi kutumiwa ile video ya samaki mnene anayemwomba Mungu mtu fulani aangushe kamera, na ukacheka mpaka ukaituma kwa kikundi cha familia, basi nakuomba usinitazame sana usoni, kwa sababu ile sauti ni yangu. Ndiyo, mimi Nafula, wa ile studio ya Uthiru iliyo karibu na bucha, yule anayekuambia shusha kidevu kidogo na usicheke, hii ni picha ya pasipoti si ya bathdei. Nimekaa na hii aibu vya kutosha, na kwa vile kila mtu sasa anaihadithia anavyotaka (kuna mama mmoja wa mboga aliniapia kwamba yule samaki alinena kwa lugha), leo wacha niihadithie mwenyewe, na mkicheka, mcheke polepole.

Lazima nianze na Mwende. Mwende na mimi tulijifunzia kazi kwa studio moja pale River Road, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba, mahali ambapo mteja akitaka kukwambia anataka picha ngapi mnangoja kwanza wale wa chini wamalize kukata chuma. Mimi ndiye nilifika pale kwanza. Mwende alikuja baadaye, ametoka kwao Kitui na begi moja na aibu nyingi, na ni mimi, kwa mkono wangu huu, nilimwonyesha vile kamera inashikwa: kiwiko kiguse mbavu, uzuie pumzi, ndipo ubonyeze. Hilo mlikumbuke, kwa sababu mimi sijawahi kulisahau hata siku moja.

Miaka ikaenda, Mwende akaanza kupiga harusi, harusi ikazaa harusi, mara yuko Westlands, mara yuko Spring Valley kwa nyumba zenye nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha mwanafunzi, na mimi nikafungua kachumba kangu Uthiru, stuli moja, pazia jeupe, feni. Si kazi mbaya, watoto wangu wanakula. Lakini kila asubuhi, kabla hata sijaonja chai, nilikuwa nafungua simu niangalie statasi ya Mwende, napata bibi harusi anacheka kwenye ngazi za marumaru, chini watu wameandika maua na mioyo, na mimi hapo na kikombe mkononi nasonya peke yangu. (Simu yangu nilikuwa nimeiweka isionyeshe kwamba nimetazama. Mwenye wivu lazima awe na mipango.) Sitaficha kitu hapa. Nilimwonea Mwende wivu mpaka chai ikawa haina sukari. Akipongezwa, mimi nasikia kama nimeibiwa.

Basi siku moja ananipigia.

"Nafula wangu, sasa?"

"Poa," nikasema, na meno yameumana.

"Sikia. Kuna mama mmoja Spring Valley, Madam Wairimu, ndiye mwenyekiti wa chama cha watu wanaofuga samaki wa mapambo. Jumamosi wana maonyesho hapo kwake. Wanatafuta mpiga picha mmoja wa chama, wa kudumu. Amesema anataka kuona kazi ya watu wawili ndio achague, na mimi nimemwambia kuna wewe."

Mtu mwenye roho safi angesema asante. Mimi nilisema asante kwa mdomo, lakini kichwani hesabu ilikuwa imeanza: kwa nini aniite mimi, kwani wapiga picha wameisha Nairobi? Nikajijibu mwenyewe: ananiita kwa sababu anajua mimi ni wa pasipoti, nikisimama kando yake yeye ataonekana mrefu. Na wakati huo huo nilikuwa naitaka hiyo kazi mpaka viganja vinawasha, kwa sababu ukishaingia kwa chama cha watu kama wale umeingia kwa sebule zao, na ukiingia kwa sebule umeingia kwa harusi za watoto wao, na stuli ya pasipoti unaiachia mtu mwingine.

Kabla akate simu akasema, "Na uvae nyeusi, sawa? Kutoka juu mpaka chini."

Hapo ndipo kila kitu kilianza kuharibika, kwa hayo maneno madogo ya nguo. Mtu wa kawaida angeuliza kwa nini. Mimi sikuuliza, mimi nilielewa. Nilielewa kwamba Mwende anataka nifike kwa watu wenye pesa nikiwa kama mtu anayetoka matanga, watu wadhani mimi ni msaidizi wake wa kubeba mifuko, na yeye aonekane ndiye mwenye kazi. Nikasonya. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi wangu wa nguo nikamwambia, ile kitenge yangu ya njano, ile ya maua makubwa, nishonee gauni, na mikono uifurishe.

"Niifurishe kiasi gani?" akauliza.

"Mpaka nikipita mlangoni nipite kwa upande," nikamwambia.

Jumamosi nikafika Spring Valley ninang'aa, haki ya Mungu, hata askari wa getini alinipigia saluti. Ndani ya kiwanja kulikuwa na hema kubwa jeupe, na ndani ya hema matangi ya vioo yamepangwa mstari mrefu, kila moja na taa yake na pampu yake ndogo ya hewa inayotoa mapovu, halafu katikati kuna meza za mabeseni meupe, kwa sababu kuna aina fulani ya hao samaki ambao hutazamwa kutoka juu, ati uzuri wao uko mgongoni. Mimi samaki nilikuwa najua wa kukaanga. Hawa walikuwa ni vitu vingine kabisa: wengine macho yametoka nje kama wameona bili ya hospitali, wengine mkia umekuwa pazia, wengine wamevimba tumbo mpaka unataka kuwaletea kiti wakae.

Na hapo mbele ya kila kitu, kwa tangi lake peke yake lenye utepe mwekundu, alikuwa Waziri. Waziri ndiye bingwa, samaki wa Madam Wairimu mwenyewe, rangi ya dhahabu, na kichwani ana manyama yamefura kama andazi lililokolea hamira. Jina alipewa kwa sababu ya kutembea kwake: polepole, tumbo mbele, na kila baada ya muda kidogo anasimama, anakuangalia, anafungua na kufunga mdomo kama mtu anayetoa ahadi.

Mwende alikuwa tayari pale. Nyeusi shati, nyeusi suruali, nyeusi viatu, na shingoni kamera ambayo bei yake sitaki hata kuijua. Aliniona, akasimama, akaangalia gauni langu kuanzia bega hili mpaka bega lile.

"Ngai, Nafula! Si nilikwambia nyeusi?"

"Nyeusi haikunikaa vizuri," nikamwambia.

"Si ni vioo hizi! Hiyo njano yote itaingia kwa picha." Akafungua mfuko wake akatoa kitambaa kikubwa cheusi, kimekunjwa vizuri. "Nilikubebea cha pili. Unajifunika hivi, wewe na kamera, mnaingia ndani wote, unabaki na tundu ya lenzi tu. Chukua."

Msiniulize kama sikujua kwamba kioo kinarudisha picha. Mimi ni nani basi, kila siku si ndiye nawaambia wateja wavue miwani? Nilijua. Lakini kulikuwa na watu wanatuangalia, kulikuwa na Madam Wairimu amesimama hapo na kikombe chake cha chai, na mimi nikaona Mwende ananifundisha kazi mbele za watu, Mwende ambaye kiwiko chake ni mimi nilikipeleka mahali pake.

"Kaa na buibui yako," nikasema. "Mimi sina mtu namtoroka."

Watu wawili watatu wakacheka. Mwende hakucheka. Alikunja kitambaa chake akakirudisha mfukoni, na mimi nikahesabu hiyo kuwa ni bao langu.

Nikaanza kazi. Na lazima niseme, mwanzoni nilifurahi kabisa, kwa sababu kila nikipiga picha na kuangalia kwa ile skrini ndogo ya kamera (na hema lilikuwa na mwangaza mwingi, huoni vizuri, unaona rangi tu), naona samaki wangu wana mng'ao wa dhahabu wa ajabu, wamezungukwa na njano tamu kama jua la saa moja. Nikajiambia, tazama mwangaza huu, huu Mwende hawezi kuupata hata kidogo, yeye huko chini ya shuka lake anapiga giza. Samaki wenyewe walikuwa wananipenda, nikikaribia tangi wote wanakuja mbio kwa kioo. (Baadaye niliambiwa samaki hao hukimbilia mtu yeyote, hudhani ameleta chakula.)

Upande ule mwingine, Mwende ameshaanza kuzungukwa. Kila mwenye samaki anataka Mwende ampigie wake. "Mwende wetu, kuja huku kwanza!" "Mwende wetu, umeona huyu mkia?" Mwende wetu, Mwende wetu, kama ni wimbo wa kanisa. Na Madam Wairimu anamfuata nyuma akimwelezea kila samaki kwa upole, anamshika hata kiwiko. Kiwiko changu hicho!

Nikaenda kwa mabeseni na hasira zangu. Ukitaka kupiga samaki wa kwenye beseni lazima uiname juu yake, na mimi nikainama, jicho moja liko kwa kamera na lingine liko kwa Mwende, na ule mkono wa gauni uliofurishwa kwa amri yangu mwenyewe ukazama majini wote, mzimamzima. Sikusikia kitu mpaka nilipoona samaki mmoja mweupe amelishika ua la kitenge analinyonya. Nikavuta mkono, woi, maji yakaruka, yakanimwagikia kifuani na kwa kamera, mwenye samaki akapiga kelele "Mama, pole pole!", na mimi nikajifanya nacheka huku nikipangusa kamera kwa nguvu na ule mkono mwingine mkavu, mbele, nyuma, juu, kwenye vitufe vyote.

Kati ya vile vitufe kuna kile cha kuzungusha, cha kuchagua picha au video. Mkishajua hivyo, mmejua yote.

Nikaenda kwa Waziri nikiwa nimelowa upande mmoja. Nikapiga magoti mbele ya tangi lake, nikaelekeza kamera, nikabonyeza, haikulia kama kawaida, nikasema pengine ni maji, nikabonyeza tena baada ya muda, na katikati ya kubonyeza kwa kwanza na kwa pili nilikuwa naongea. Mimi nikiwa na hasira huongea peke yangu, hata mama yangu alikuwa hivyo, ni ugonjwa wa kwetu. Niliongea kwa sauti ya chini, hakuna aliyenisikia isipokuwa Waziri, ambaye alikuwa amekuja mpaka kwa kioo, ananiangalia, anafungua mdomo na kufunga.

Ilipofika saa ya chakula Madam Wairimu akatangaza kwamba wakati watu wanakula, picha zitaonyeshwa kwa skrini kubwa, halafu wanachama watasema wanamtaka nani. Wapiga picha wapeane kadi zao za kamera kwa jamaa wa mitambo. Mwende alikuwa amekaa na kompyuta yake anachagua, hii ndiyo, hii hapana, hii ndiyo, polepole kama mtu anayechambua mchele. Na mimi nikaona nafasi. Nikasema wacha niwe wa kwanza, watu wakishaona yangu, yake itakuwa marudio. Nikatoa kadi yote kama ilivyo, sikuchagua kitu, sikufuta kitu, nikampa jamaa wa mitambo nikamwambia, "Anza na hii."

Nikakaa mbele kabisa. Nikajipanga mikono ya gauni. Hata wali sikuugusa.

Picha ya kwanza kutokea ilikuwa ya jirani yangu wa bucha, picha ya pasipoti, uso mpana, macho yametoka. Hema likacheka kidogo. "Huyo naye ni aina gani?" mtu akauliza. Nikainuka nikaeleza kwamba hiyo ni kazi ya ofisi, samaki wanakuja. Na kweli wakaja.

Wakaja, na mimi nikaja nao. Kwa ile skrini kubwa hakukuwa na mng'ao wowote wa dhahabu, ilikuwa ni mimi. Tangi la kwanza, samaki mdogo katikati, na nyuma yake gauni la njano limejaa kutoka kona mpaka kona. Tangi la pili, bega. Tangi la tatu, mimi mzima, na mkia wa samaki umetokea sikioni kwangu kama hereni. Watu wakaanza kucheka kwa adabu, kikohozi kikohozi hivi. Halafu uso ukaanza kuonekana vizuri. Katika kila picha macho yangu hayakuwa kwa samaki, yalikuwa yanaangalia upande mmoja tu, upande aliokuwa Mwende, na mdomo wangu umekunjwa na kuvutwa kando. Na mnajua wenyewe, hakuna Mkenya asiyejua mdomo wa mtu anayesonya, hata ukiuona bila sauti.

"Huyu mama alikuwa anasonya nani?" mzee mmoja nyuma akauliza, na hema lote likapasuka.

Nikasema moyoni, Mungu wangu, ziishe. Zikaisha. Ikaanza video.

Waziri akatokea, mkubwa kama gari, na kichwa chake cha andazi. Watu wakapiga makofi, wakidhani hii sasa ndiyo yenyewe. Na jamaa wa mitambo, kwa bidii yake, akaongeza sauti. Waziri akafungua mdomo, na kutoka kwa spika mbili kubwa za pale hemani ikatoka sauti yangu:

"Mwone vile anajipeleka. Eti Mwende wetu, Mwende wetu. Nani alimfundisha kushika kamera, si mimi? Na huyu mama naye na samaki wake wa kichwa cha andazi."

Jamani. Hata kama mngekuwa nyinyi mngecheka. Mdomo wa yule samaki ulikuwa unafunguka na kufungika sawasawa na maneno, kana kwamba yamefundishwa pamoja. Watu walikuwa wameshika mbavu, kuna mama alimwaga soda, Madam Wairimu mwenyewe alikuwa anafuta machozi, na simu zote zilikuwa juu zinarekodi. Waziri akarudi nyuma, akatoa sonyo moja refu (langu), akaja tena mbele, akainua macho juu kama mchungaji.

"Mungu Baba, leo tu. Kamera imwanguke. Imwanguke ivunjike, mbele za watu wote, na aone vile mimi husikia. Leo tu Baba, na sitakuomba kitu tena."

Na mtu fulani huko nyuma, mkristo mzuri tu ambaye amezoea, akasema, "Amina."

Baada ya hiyo Amina kicheko kilikatika. Naona ndipo watu walipoyasikia yale maneno vizuri, kwamba samaki hakuwa anachekesha, alikuwa anamwombea binadamu mwenzake mabaya, na huyo binadamu alikuwa hapo ameshika hiyo kamera kwa mikono miwili. Kichwa kimoja kimoja kikageuka kumwangalia Mwende, halafu vyote kwa pamoja vikageuka kuniangalia mimi, na haikuwa shida kuniona, kwa sababu katika hema lile zima ni mimi peke yangu nilikuwa njano.

Niliangalia chini. Nikaona viatu vyeusi vinakuja, vikasimama mbele yangu, na nikajua sasa ninapigwa, na nikaona ni sawa. Halafu kukawa giza. Mwende alikuwa amenifunika na kile kitambaa, kichwa mpaka magoti, gauni na mikono yake yote iliyofura.

"Simama," akasema, karibu na sikio. "Tembea. Kuna ngazi hapo, inua mguu."

Akanitoa vile, amenishika kiwiko, katikati ya meza na watu, na mimi ndani ya kile kitambaa nalia kwa kwikwi kama mtoto. Hapo tu ndipo nilijua ni kitambaa kizuri. Ndani huonekani kabisa.

Getini akaufunua uso wangu. Nikamwangalia nikidhani atanikumbatia, maana ningekuwa mimi ndiye mwema, ningemkumbatia mtu watu waone. Mwende hakunikumbatia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimekasirika, Nafula," akasema. "Sitakudanganya. Usinipigie simu. Na hiyo kitambaa utairudisha ikiwa imeoshwa."

Akarudi ndani kumalizia kazi yake. Picha zake nilikuja kuziona kwa statasi, kama kawaida, kabla ya chai. Alikuwa ameweka moja tu, ya Waziri. Nyuma ni weusi mtupu, na Waziri ametulia hapo katikati, kila gamba unaliona, mpaka yale manyama ya kichwani ukayaona yana uzuri wake, na macho yake yanaangalia kama yana jambo. Nilikaa na ile picha mpaka chai ikapoa. Niliitafuta kona kwa kona nimwone Mwende, hata kidole, hata kivuli. Hakuwepo. Alikuwa amempa samaki nafasi yote.

Siku hiyo sikusonya. Nilifua kitambaa.

Nilikifua, nikakianika, nikakikunja, halafu nikakiweka kabatini kwa sababu niliogopa kukipeleka. Video nayo ilikuwa imeshafika Uthiru, wateja wanakalia stuli wananiuliza, "Mama, leo hutaniombea?" Jirani wa bucha akawa akiniona anasema Amina. Mwishowe nikasema afadhali nitukanwe na mwenye haki kuliko kuchekwa na kila mtu, nikapanda zile ngazi za River Road, maana Mwende bado ana chumba pale cha kuchapishia picha, juu ya lile lile duka la mabomba.

Alipokea kitambaa, akakinusa. "Umeosha na nini?"

"Sabuni ya kipande."

"Mm." Akakiweka kando. Chini wakaanza kukata chuma, tukangoja wamalize. "Madam alinipa ile kazi," akasema.

"Najua. Niliona kwa statasi."

"Uliona?" Akaniangalia kwa makini. "Mimi sijawahi kuona jina lako kwa wale wametazama."

Nikainamisha kichwa. "Mimi hutazama nikiwa nimejificha."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi. Kabla ya chai."

Mwende alijaribu kukaza uso, nikauona unakataa, akacheka mpaka akakaa chini, akacheka akilia, na mimi nikacheka kwa woga tu. Alipomaliza alijipangusa macho akasema, "Na ile swali samaki aliuliza, ya nani alinifundisha. Si ungeniuliza mimi? Madam nilimwambia siku ya kwanza kabisa. Nilimwambia kuna mtu Uthiru ndiye alinishikisha kamera, ndio maana akataka kukuona."

Nikakaa chini kando yake.

"Maonyesho ingine ni mwezi ujao," akasema, akinirudishia kile kitambaa. "Nahitaji mtu wa kunishikia hii. Uvae nyeusi."

Basi ndiyo hivyo. Kazi niliyoililia ni ya Mwende, na mimi ndiye mshika kitambaa, ile kazi ya kubeba mifuko niliyoikimbia kwa gauni la njano. Gauni lenyewe nilimrudishia fundi akashonea watoto wawili wa jirani, kitenge kikabaki. Na msidhani wivu umeisha, wivu wa mtu hauishi kwa siku moja kama mafua. Bado Mwende akiitwa "Mwende wetu" kuna kitu hunifinya hapa. Lakini nimeapa mambo mawili: nikiambiwa nivae nini nitauliza kwa nini kabla sijakasirika, na sitaongea tena peke yangu mahali penye kamera, hata iwe imezimwa, hata iwe ya mtoto ya kuchezea.

Waziri bado ananifahamu. Kila maonyesho nikikaribia tangi lake anakuja mpaka kwa kioo, ananiangalia, anafungua mdomo. Mimi nafunga wangu.